Mtendaji Anaomba Barua

Ofisi yangu ni chumba cha kupanga, Vingunguti,
ukuta mmoja na mashine ya kusaga.
Kila karatasi itokayo hapa ina unga kidogo;
hakimu akiikung'uta atajua imetoka kwetu.

Nafungua kufuli, napuliza kisanduku cha wino.
Wino wa zambarau, nimeununua mwenyewe, elfu tatu.
Fungu la ofisi halijashuka tangu Machi.
Mvua ndiyo hushuka bila kuombwa.

Bango linasema huduma ni bure.
Chini ya bango pana kopo.
Sikuliweka mimi.
Sijaliondoa.

Chausiku kaja na wenzake wanne, wakaanga mihogo,
wanataka mkopo wa kikundi, na katiba ya kikundi
imekwenda shule kwenye begi la mtoto.
Ndelwa anamdhamini mdogo wake, polisi Buguruni;
anasema "hana hatia" kabla sijauliza.
Kijana mmoja anataka niandike kwamba namfahamu.
Naifahamu fulana yake:
huivaa Jumapili, akicheza mpira kwenye uwanja
ambao katika ramani ni zahanati.

Naandika: *Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.
Mtajwa ni mkazi wa mtaa wangu.*
Nagonga.
Aliyeingia mtu tu anatoka mkazi.

Saa nne akaingia mwanamume, hakukaa.
Benchi zima likampisha bila kuambiwa.
Kibali cha mazishi.
Jina la marehemu? Akalitaja.
Umri? Miaka sita, wa saba Agosti.
Sababu?
Mfereji.
Nikasema, baba, hapa panatakiwa sababu.
Akasema, andika mfereji, mtendaji.

Mfereji ule nimeuandikia barua nne.
Kata ikapeleka Jiji,
Jiji likapeleka kwa watu wa barabara,
watu wa barabara wakasema ule si barabara, ni mto,
watu wa mto wakaja na kamba, wakapima,
wakasema huu si mto, ni mfereji,
wakanywa soda kwa Chausiku, wakaondoka.
Nakala zangu zote zina mhuri: IMEPOKELEWA.
IMEPOKELEWA. IMEPOKELEWA. IMEPOKELEWA.
Hakuna hata mmoja aliyekataa.
Angekataa mmoja, ningejua mlango wa kubisha.

Nikaandika mfereji.
Mkono haukutetemeka, na hilo ndilo lililonitisha.

Jumatano niliomba ruhusa.
Mimi napanga Kinyerezi, kwenye vyumba viwili visivyo na bomba,
na watu wa maji hawaniungi
mpaka niwe na barua ya utambulisho.
Mjumbe wa kule yuko msibani Kilosa.
Mtendaji mwenzangu yuko semina ya utawala bora.
Nikamwambia karani, mdogo wangu, mimi pia ni mtendaji.
Akanitazama kama ninavyowatazama watu.
"Una barua inayoonyesha hivyo?"
Kisha, kwa sauti ninayoijua, maana ni yangu,
hata mkato wake ni wangu:
"Njoo kesho, mama."

Nilikaa kwenye benchi lao saa mbili nzima.
Benchi la serikali lina msumari.
Sikuwahi kujua.

Alhamisi nikawahi ofisini,
nikakaa kwenye benchi langu, upande wa wananchi.
Msumari upo, wa tatu kutoka mlangoni.
Nyundo sina, haimo kwenye fungu.
Nikaupiga kwa kitako cha mhuri mpaka ukazama,
mhuri ukapata ufa, sasa neno MTAA linasomeka MT AA.
Kopo nikalitia kwenye kabati. Sijui kama litakaa humo.
Nikaandika barua ya tano.
Sehemu ya kichwa cha habari nikaweka jina la mtoto.

Saa moja na nusu nikafungua mlango.
Ndelwa alikuwa keshafika, viatu mkononi kwa tope.
Mdogo wake bado yuko ndani.